Kuruka na parachuti: angani nawapa alama zote, mapokezi siwapi kitu

Watu wa Kigoma mmeniuliza sana, wengine mmenisimamisha hadi sokoni Mwanga: ile safari ya pwani kwenda kuruka na parachuti ilikuwaje, na je, nanyi mjichange mwende? Jibu langu la kwanza ni hapana. Msiende. Walau msiende pale tulipokwenda sisi mpaka wabadilike. Jina la kampuni silitaji, na bei sisemi kwa sababu ukipiga simu utaambiwa. Ninachotaka kusema ni jinsi alivyotendewa shangazi yangu.

Mwenye hamu ya kuruka alikuwa yeye. Mimi nilikuwa msindikizaji, nikaishia kuruka naye. Shangazi amepita sitini, anauza dagaa Kibirizi tangu sijazaliwa, na kwa dagaa hizo ametusomesha wengi nyumbani. Tangu zamani, alipoona askari wakishuka na miavuli kwenye runinga, amekuwa akisema siku moja naye ataruka. Tulidhani ni maneno. Kumbe alikuwa anaweka akiba. Akapima presha hospitali ya Maweni, akapima uzito, nikapiga simu nikauliza yote: umri, magonjwa, kilo ngapi mwisho. Kila kitu wakasema sawa, mama aje. Tukapanda treni ya reli ya kati, Tabora, Dodoma, hadi Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 1,200, kisha basi juu yake.

Tulifika asubuhi. Dada wa mapokezi tulimkuta kwenye simu, anacheka, anaongea Kiswahili safi kuliko changu. Alipokata simu akamwangalia shangazi kuanzia kilemba hadi kandambili. Shikamoo hakutoa. Mama wa umri ule amesimama mbele yako, umri wa mama yako mzazi, unamsukumia karatasi tu mezani!

Karatasi zenyewe kurasa kadhaa, Kiingereza kitupu, na kila ukurasa una pa kuweka sahihi.

Shangazi anasoma vizuri, ila si Kiingereza. Akanigeukia: "Mwanangu, hii inasemaje?" Kabla sijafungua mdomo yule dada akadakia: "Ni za kawaida tu, mama, weka sahihi hapa."

"Siweki sahihi nisichokisoma."

Mnaomjua mnajua alikotoa msimamo huo. Aliwahi kusaini mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya riba ya kunyonya, kwa kuambiwa maneno hayohayo, ni za kawaida tu, na wale watu walikuja wakabeba jokofu na kitanda. Na hizi karatasi za pale hazikuwa za kawaida hata kidogo. Ukurasa wa kwanza tu unasema mchezo huu unaweza kukuumiza au kukuua, na kwamba wewe na warithi wako hamtaidai kampuni chochote. Sisemi ni vibaya kuandika hivyo, michezo ya hatari ndivyo ilivyo. Ila mtu anaambiwa aweke sahihi juu ya kifo chake kwa lugha asiyoijua, na anayemwambia anaweza kumweleza kwa dakika chache, hataki!

Nikaanza kumsomea, mstari kwa mstari. Yule dada akafyonya, tukamsikia wote. Kisha akaniambia mimi, si yeye: "Mwambie anatuchelewesha. Na mwambie kama Kiingereza hajui haruki, maelekezo yote ni kwa Kiingereza. Ni kwa usalama wake."

Mwambie. Shangazi yuko pale, hatua moja kutoka mezani, anasikia kila neno, Kiswahili ni chake tangu utotoni Ujiji. Mwambie! Hadi leo nikikumbuka nasikia joto masikioni.

Halafu hilo la usalama ndilo lililoniudhi zaidi, maana ni kweli, na kwa sababu ni kweli lilikuwa linamhukumu yule dada mwenyewe. Mtu wa mara ya kwanza anafungwa na mwalimu mikanda sehemu nne, mabegani na kiunoni. Mwalimu ndiye anabeba begi lenye parachuti mbili, ya kazi na ya akiba, na kuna kifaa kinachofungua ya akiba chenyewe mkiwa bado mnaporomoka kwa kasi karibu na ardhi. Abiria ana kazi chache sana. Mkitoka mlangoni, shika mikanda kifuani, kichwa nyuma, tumbo mbele, miguu ikunje nyuma. Ukiguswa bega, nyoosha mikono. Mkitua, inua miguu juu, mbele yako. Hilo la mwisho ndilo la kushika hasa, kwa sababu miguu yako ikitangulia chini, uzito wa watu wawili unaikuta palepale, na kifundo kinavunjika. Basi mweleze mtu hayo kwa lugha anayoielewa! Kumnyima maelezo halafu useme haruki kwa kuwa hana maelezo, huo ni usalama gani?

Nilikuwa nimeshadai hela turudi zetu. Aliyetuokoa ni mwalimu mmoja, mtu wa makamo, alikuwa amepiga magoti sakafuni anakunja parachuti. Akaiacha, akaja. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Akamchukua shangazi hadi kwenye ubao mfupi wenye magurudumu, akamlaza kifudifudi juu ya kanga yake mwenyewe shangazi, akamwambia ajipinde. Akamshika vifundo vya miguu, akavisogeza nyuma taratibu: "Hapo, mama, hapohapo." Kisha akamketisha kwenye benchi, akamfanyisha kuinua miguu mpaka akawa anainua kabla hajaambiwa. Alipomfunga mikanda alikaza kila mmoja, akaingiza vidole viwili chini yake, akauliza unabana? Akakaza tena. Fomu tulimaliza kuisoma tukiwa wote watatu tumekaa pale, na shangazi akaweka sahihi kwa mwandiko wake mzuri, ukurasa kwa ukurasa.

Huyo mwalimu, Mungu ampe maisha marefu.

Angani sina malalamiko. Ndege ni ndogo, mnakaa sakafuni, na baridi inaanza kuingia kadiri mnavyopanda. Tuliambiwa tutatoka mita kama 3,000. Nikamwambia shangazi: kina cha Ziwa Tanganyika pale penye kina kikubwa kabisa ni mita 1,470 hivi, sasa chukua maziwa mawili uyapange moja juu ya jingine. Akafikiri kidogo, akasema, "Huko chini hata dagaa hawafiki." Mlango ukafunguliwa. Upepo unapiga kelele kiasi kwamba husikii hata sauti yako. Nikamwona shangazi ametoa miguu nje, mikono kifuani, kichwa nyuma kama alivyofundishwa, na mara hayupo. Niliita jina lake kwa nguvu zangu zote.

Zamu yangu siwezi kuieleza vizuri. Kasi inafika kama kilomita 200 kwa saa, nusu dakika hivi, mashavu yanavutwa, kifua kinajaa hewa. Halafu parachuti inafunguka, mnavutwa juu, na kelele zote zinakatika. Hapo mmebakiza kimo cha ziwa letu moja tu. Bahari yote iko chini yako na unaweza kuzungumza kwa sauti ya kawaida. Nililia, sioni haya.

Nilipotua shangazi alikuwa ameshafika, amekaa kwenye majani, anacheka mpaka machozi, bado ameinua miguu. Hapo moyo ulinilainika kabisa. Nikasema nikirudi Kigoma nitawaambia wote waende, hata kwa kukopa, na yule dada nimemsamehe.

Tukaingia ndani kuchukua vyeti. Cheti cha shangazi, chenye jina la shangazi, yule dada akaninyoshea mimi. "Mpe."

Kwa hiyo msamaha nimeufuta. Kuruka kwenyewe, nendeni, ni jambo la kufanya ukiwa na pumzi. Pale, hapana. Au nendeni, ila mumtake mwalimu anayewaeleza kwa Kiswahili, na msimwache mzazi wenu peke yake mapokezi. Nimewaandikia kulalamika, wakajibu wanashukuru kwa maoni, kwa Kiingereza. Shangazi ameanza tena kuweka akiba, anataka palepale kwa ajili ya yule mwalimu, na tunabishana juu ya hilo kila jioni.

Ile fomu nimeitafsiri yote, na wao nimewatumia bila kuwadai senti. Anayekwenda apige simu kwanza aulize kama ya Kiswahili ipo. Wakisema haipo anitafute, nakala yangu nampa, aisome nyumbani kwa nafasi yake kabla hajakata tiketi.