Fresh Off the Boat: tamu zaidi pale mama anapokuwa mkali

Mwanangu alipokuwa darasa la pili hapa Houston, alirudisha hotipoti na chapati zake na maharage vilevile nilivyomfungia asubuhi. Hakusema kitu. Mwaka jana tukafungua sehemu ya kwanza ya Fresh Off the Boat, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani: Eddie, mtoto wa Kichina, anatoa tambi za mama yake kantini ya shule, wanafunzi wenzake wazungu wanamkataa eti anakula minyoo. Nikamgeukia mwanangu, sasa kidevu kina ndevu tatu. Akacheka, akaangalia pembeni.

Akina Huang, wenye asili ya Taiwan, wanahama Washington kwenda Orlando mwaka 1995 ili baba, Louis, aendeshe mgahawa wa steki. Wateja haba, basi anaajiri mzungu awe anawapokea mlangoni. Aliyewahi kufungua biashara ugenini haelezwi hapo.

Lakini mwenye kipindi ni mama, Jessica, anayeigizwa na Constance Wu. Watoto wanaleta A tupu. Yeye anaona shule ni nyepesi mno, anawaanzishia tuisheni nyumbani! Eddie anatukanwa kwa asili yake, anapigana, wazazi wanaitwa shuleni. Nilijua mtoto amekwisha. Kumbe moto wote unamwendea mkuu wa shule. Halafu jirani mzungu, Honey, anaila tofu (soya iliyogandishwa) ya Jessica inayonuka na kuipenda. Mimi hapa sijapata wa kumkaribisha papa mkavu.

Bibi yao anaongea Kimandarini, wajukuu wanamjibu Kiingereza, na mazungumzo yanakwenda tu. Ndivyo ilivyo kwangu mama akipiga simu ya video kutoka Tanga.

Televisheni ya ABC ya Marekani iliirusha kuanzia 2015 hadi 2020, misimu sita, na hapo ndipo ninapolalamika. Eddie Huang, ambaye kitabu cha maisha yake ndicho chanzo, alisimulia msimu wa kwanza tu, na hakuficha kwamba maisha yake yamesafishwa kupita kiasi. Namwelewa. Kadiri misimu inavyosonga, kila ugomvi unaisha kwa kukumbatiana kabla dakika ishirini na mbili hazijatimia, na Jessica anabaki kupiga kelele kwa mazoea.

Misimu miwili ya kwanza kaeni na wazazi mtazame pamoja. Wa tano na wa sita mimi nilikuwa nakunja nguo.