Krita na mkono wa kushoto: uzoefu wangu na vitufe vya mkato

Kazi yangu ni kuchora picha za vitabu vya watoto, na programu ninayoshinda nayo ni Krita. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na inapatikana kwa Windows, Linux na macOS. Wengi huisifia brashi zake, na wana haki, maana ni nyingi na nzuri. Mimi kilichonikamata zaidi ni vitufe: mkono wa kushoto ukikaa kwenye kibodi, wa kulia unachora tu, hauhangaiki na menyu.

Nitoe mfano wa ukurasa nilionao sasa, mama anauza samaki, ungo uko mbele yake. Magamba ya samaki yanataka mstari mwembamba, mara mnene, mara mwembamba tena. Mabano ya mraba, [ na ], hupunguza na kuongeza ukubwa wa brashi, lakini mimi hupenda zaidi kushikilia Shift na kuburuta kalamu: duara la brashi linatanuka au kusinyaa palepale ninapochora. Nikitaka rangi ya mgongo wa samaki wa jirani, nashikilia Ctrl, naigusa, naachia, naendelea. Jicho halijatoka kwenye picha.

Kitufe cha E ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Hakikuletei kifutio kingine. Kinaigeuza brashi ileile uliyoishika iwe ya kufutia. Ukiwa unapaka moshi kwa brashi yenye chembechembe, unaufuta kwa chembechembe zilezile, na ukingo unabaki wa moshi, haukatwi kama kwa wembe. Ukibonyeza E tena unarudi kupaka. Halafu kuna M, inayokuonyesha picha kama kwenye kioo bila kuibadilisha yenyewe. Kwa anayechora nyuso, hiki ni lazima: uso ulioonekana umekaa sawa, ukigeuzwa tu, jicho lililopanda juu linajitokeza. Namba 4 na 6 huzungusha karatasi, 5 huirudisha wima.

Ukibofya kulia juu ya picha, linafunguka duara lenye brashi ulizozichagua na gurudumu la rangi katikati. Tab nayo huficha paneli zote.

Menyu ya kuhariri watu huipita haraka kwa sababu kutendua kwa Ctrl+Z na kurejesha kwa Ctrl+Shift+Z wanakujua tayari. Ndani yake kuna hazina, na kwangu kubwa ni Ctrl+Shift+C. Ctrl+C ya kawaida hunakili leya moja uliyopo, yaani tabaka moja kati ya yale yanayopangwa juu ya mengine kuunda picha. Hii ya pili hunakili kila kinachoonekana ndani ya eneo ulilochagua, leya zote kwa pamoja. Mhariri akitaka kuona uso wa yule mama peke yake, nauzungushia mstari wa kuchagua, nanakili hivyo, kisha Ctrl+Shift+N inabandika kwenye faili jipya. Leya zangu hazijaguswa. Na kabla ya kurekebisha kitu kikubwa huwa narudufu leya kwa Ctrl+J, kwa kuwa historia ya kutendua hupotea ukishafunga faili.

Tangu toleo la 5.0 ukibonyeza Ctrl+Enter kinatokea kisanduku cha kutafutia amri. Unaandika herufi chache, inakuja. Kwa zile usizozitumia kila siku, inatosha, hamna haja ya kuzikariri.

Vitufe vyenyewe unaweza kuvibadilisha kwenye mipangilio. Leya mpya huongezwa kwa Insert, kitufe ambacho laptopu nyingi ndogo hazina, kwa hiyo nimekipa kazi hiyo kitufe kingine kilicho karibu na kidole. Anayetoka kwenye programu nyingine za picha kama Photoshop au Paint Tool SAI atakuta mpangilio uliokwisha kutengenezwa kwa ajili yake, achague tu.

Kuna na Krita ya Android. Kwa kuwa skrini ya kugusa peke yake haina vitufe hivi, nusu ya utamu niliousema inapungua. Ukiamua kuchorea kwenye tableti, bajeti yako ihesabu pia kibodi ndogo ya Bluetooth, na uiweke upande wa mkono usiochora.