Darasa la kutafakari Mbeya: usingizi nimepata, mwongozo sijauona

Nyota mbili kati ya tano. Ukumbi ni msafi, uko upande wa Forest, na kwa baridi ya Mbeya mwezi wa saba, kukuta blanketi na chai ya tangawizi si jambo dogo. Ada ni elfu arobaini kwa mwezi, sina ugomvi nayo.

Mbinu yenyewe inafanya kazi. Unakaa, unafuata pumzi, mawazo yakitoroka unayarudisha. Nalala vizuri siku hizi, na hata makonda wa Mwanjelwa hawanipandishi presha kama zamani.

Kilichonikera ni mengine. Katika Ubudha, ilikotoka mbinu hii, mtu haanzi kwa kufumba macho. Anaanza na sila, yaani maadili: asiue, asiibe, asizini, asiseme uongo, asitumie vilevi. Kozi za siku kumi za Vipassana, aina ya kutafakari ya Kibudha, hazikupokei mpaka uyakubali hayo matano. Yoga ya Patanjali, mwalimu wa kale wa India, nayo ina ngazi nane. Kutafakari ni ya saba, na mbili za kwanza ni miiko na nidhamu ya maisha. Sisi tulirushwa moja kwa moja hadi ya saba.

Basi kuna mwenzetu hununua viazi kwa wakulima wa Uporoto, na hununua kwa lumbesa, ingawa serikali imeipiga marufuku. Jioni moja akatueleza kuwa zamani alikuwa anakosa usingizi akiwakumbuka wale wazee wanaomjazia gunia mpaka linaota kichwa, halafu anawalipa bei ya gunia la kawaida. Sasa, anasema, anakaa na pumzi yake, ile hisia inapita, analala. Mwalimu akampongeza: "Umejifunza kuachilia." Darasa likapiga makofi. Mimi nilibaki nawaza wale wazee wao waachilie nini.

Kuna pia dada mmoja aliyekuja akiwa na msiba mbichi. Wakati wa kujiandikisha hakuna aliyemuuliza habari za afya wala usingizi. Waliuliza namba ya simu tu. Baada ya muda akaanza kushtuka usiku, moyo unamwenda mbio, anajiona kama yuko nje ya mwili wake. Akaambiwa aongeze dakika! Shemeji yake ndiye aliyempeleka hospitali. Mambo haya yanajulikana: mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichapisha mahojiano na watu wanaotafakari, na humo mna hofu, kukosa usingizi, hata waliolazwa.

Nilimfuata mwalimu pembeni nikamwambia yote mawili. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba yeye hafundishi dini. Sikumwomba dini, nilimwomba fomu yenye maswali ya afya na neno moja kwa yule mnunuzi wa viazi. Mwezi ujao silipi. Wewe ukitaka kujiunga, muulize kwanza nani alimfundisha yeye, na mtu akizidiwa humpeleka wapi. Na kama umewahi kuugua akili au una msiba wa karibuni, mwone daktari kabla ya kulipa.