Nani wa kumchagua kuzamia pango lililojaa maji: mwenye cheti kipya cha mapangoni au mwenye uzoefu mrefu wa baharini?

Mzamiaji mwenye cheti kipya anaijua kanuni ya theluthi: theluthi ya hewa kuingilia, theluthi kutokea, theluthi akiba. Kamba ya mwongozo haiachi, na tochi anabeba tatu. Lakini pezi la mguuni likigusa sakafu, tope likatibuka asione hata geji yake ya hewa, mikono hutetemeka na hewa huisha mbio. Mafunzoni alijua tope linakuja. Hapa halipigi hodi.

Mkongwe wa baharini anapumua kwa utulivu. Shida ni mazoea ya kupanda juu mambo yakiharibika, na pangoni juu ni mwamba. Hata wakufunzi wa baharini wamefia humo.

Mimi ningemchagua wa kwanza, ila asivuke pale mwanga wa mlangoni unapoishia mpaka azoee, tena nyuma ya mtu anayelijua pango hilo.