Nzi wa matunda: kuchunguza mwili au tabia?

Ukitaka kujua jeni ya nzi (kipande cha maelekezo ya urithi mwilini) inafanya kazi gani, iharibu, kisha tazama kinachokwama. Kutazama nini? Hapo ndipo njia zinapoachana.

Wanasayansi Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, wakiwa Heidelberg, Ujerumani, walitazama mwili. Walikaa kwenye hadubini moja yenye nafasi ya watu wawili, wakichungulia buu yuleyule kwa pamoja. Tumboni mwa buu wa kawaida kuna mikanda ya vijimiba, pingili kwa pingili. Kwa baadhi ya wenye kasoro, kila pingili ya pili haipo. Ripoti yao ya 1980 ilitaja jeni 15, na Nobeli ikaja 1995. Kasoro ya namna hii haina ubishi: unaiona kwa macho.

Tabia inasumbua zaidi, maana nzi huyohuyo leo hufanya hivi, kesho vile. Ronald Konopka na Seymour Benzer, kule California, walichagua kitu kinachohesabika: wakati nzi anapotoka kwenye pupa (hatua kati ya buu na nzi mzima), ambao kwa kawaida ni karibu na alfajiri. Mwaka 1971 walieleza aina tatu za nzi: wa kwanza siku yake, yaani mzunguko wa saa ya mwilini mwake, ina saa 19, wa pili 28, wa tatu hana mpangilio kabisa. Zote tatu, kasoro za jeni moja!

Kwangu mimi, hii ya pili ndiyo iliyohitaji ujasiri mkubwa zaidi. Nobeli ya waliofuata nyayo hizo ilitolewa 2017, Benzer na Konopka wakiwa wameshafariki.