Vifaa vya tenisi ya meza kwa wachezaji wenye ulemavu: cha kununua na cha kumpa fundi

Kabla hujauliza bei ya meza ya tenisi, iwe uko Darajani, Unguja, au Chake Chake, Pemba, inama kwanza uitazame miguu yake. Kwa mchezaji wa kiti cha magurudumu, kinachoamua kama atacheza au atakaa pembeni akitazama ni umbali kutoka ncha ya meza hadi mguu wa kwanza. Sheria za kimataifa zinataka umbali huo usipungue sentimita 40. Meza nyingi za bei nafuu miguu yake imesogezwa karibu na ncha, au ina chuma kilicholala baina ya mguu na mguu usawa wa magoti. Mchezaji akijisogeza, magoti yanagonga chuma, basi inambidi abaki nyuma. Mpira mfupi unaotua karibu na wavu haufikii tena, na mpinzani akishaliona hilo atampigia huo huo mpaka mechi iishe.

Msimamo wetu katika tathmini hii ni kwamba fedha ziende kwenye meza, mipira na raba za raketi. Karibu kila kitu kingine kinachouzwa kama kifaa maalumu cha wenye ulemavu kinatengenezeka hapa hapa, na mara nyingi hutoka bora zaidi, kwa sababu fundi anakipima kwenye mkono na kiti cha mchezaji mwenyewe.

Meza yenye miguu mibaya isitupwe. Fundi wa kuchomelea anaweza kuikata miguu na kuirudisha ndani. Asizidishe: ncha ikining'inia mno ubao hulegea, na mtu akiiegemea meza inaweza kuinuka upande wa pili. Sentimita 40 hadi 45 zinatosha, na fremu ya chuma chini ya ubao iendelee hadi mwisho. Chuma cha magotini kiondolewe, kiwekwe kingine cha mshazari kuelekea upande wa wavu. Ukipima nafasi ya magoti, pima kutoka sakafuni hadi chini ya fremu, usipime hadi chini ya ubao, kwani fremu yenyewe inakula sentimita kadhaa. Mchezaji naye apimwe akiwa amekaa juu ya mto atakaochezea.

Kosa linaloonekana sana ni kuishusha meza ili kumsaidia aliyekaa. Kimo ni sentimita 76 kwa waliosimama na waliokaa, urefu mita 2.74 na upana mita 1.525. Atakayezoea meza fupi atateseka siku ya mashindano. Kwa watoto wa skuli wanaoanza kucheza tu, kuishusha hadi sentimita 65 hakuna ubaya.

Adui mwingine wa meza visiwani ni unyevu. Ubao wa MDF (unga wa mbao ulioshindiliwa) na ule wa chembechembe za mbao huvimba kuanzia kwenye kingo na matundu ya skrubu, hasa masika. Ukingo ukishavimba mpira unaruka ovyo. Siku ya kwanza kabisa, kabla meza haijatumika, paka kingo na matundu yote vanishi mara mbili, na kwenye maungio ya chuma rangi ya kuzuia kutu. Skrubu za kawaida zibadilishwe ziwekwe za stenlesi. Kuhusu unene, milimita 25 ni nzuri, 18 inavumilika, chini ya hapo ni meza ya kuchezea watoto. Kipimo ni rahisi: dondosha mpira kutoka sentimita 30, uangalie unarudi hadi wapi. Sheria inataka takriban sentimita 23, na iwe hivyo katikati, pembeni na kwenye kona. Meza inayokwenda Pemba kwa boti ifungwe maboksi mazito kwenye kona zote nane za nusu zake mbili, kwani kona ikishameguka bandarini hairekebishiki vizuri.

Kuhusu viti, kile cha hospitali kinachezewa, ila mikono yake ya kuegemea inazuia kiwiko na kugonga meza. Chagua kinachotoa mikono hiyo. Breki zishike kweli, maana kila pigo la nguvu linakisukuma kiti nyuma. Mto unaruhusiwa mmoja au miwili, unene wote usizidi sentimita 15. Godoro la sponji laini halifai: linabonyea, kiuno kinazama, na mchezaji anapoteza kimo alichokuwa anakitafuta. Sponji ngumu ya kukatia viti vya gari, iliyoshonewa turubai, inakaa zaidi. Ukumbi wa mita 8 kwa 6 unatosha kwa mechi ya viti, na hilo ni jepesi kupatikana hata kwenye darasa kubwa.

Kwenye raketi ndipo mahitaji ya watu yanapotofautiana sana. Tenisi ya meza imo katika Paralimpiki tangu ile ya kwanza ya Roma mwaka 1960, na wachezaji wamepangwa madaraja 11: la 1 hadi la 5 ni wa viti, la 6 hadi la 10 ni wanaosimama, la 11 ni wenye ulemavu wa akili. Katika madaraja ya 1 na 2 wapo wengi walioumia uti wa mgongo shingoni, vidole havishiki. Hao hufungiwa raketi mkononi, na sheria inaruhusu.

Kwa kazi hiyo, bendeji ya kuvutika yenye upana wa sentimita 7.5 inayouzwa duka la dawa inaishinda glavu maalumu ya kuagizwa. Glavu ina saizi yake, inashika joto, na jasho la Zanzibar linaifanya iteleze ndani. Bendeji unaizungusha hivi: weka mpini kiganjani na kidole cha shahada kikilala nyuma ya ubao wa raketi, anza mzunguko mmoja mwepesi kwenye kifundo, pita mgongoni mwa mkono, shuka juu ya mpini, rudi kifundoni kwa umbo la nane. Mizunguko minne au mitano inatosha. Mwisho wake ushikwe kwa plasta, isiwe pini. Baada ya dakika tano tazama kucha: zikiwa zimepauka au zimekuwa bluu, fungua ufunge upya. Hapa hakuna mzaha, kwa sababu mchezaji asiyehisi mkono hatasikia maumivu, na kidonda kitaonekana jioni kikiwa kimeshachimbika. Kila baada ya mchezo bendeji ifunguliwe, ngozi ikaguliwe baina ya vidole na chini ya kidole gumba.

Anayeshika lakini kwa udhaifu hahitaji kufungwa, anahitaji mpini mnene. Mkanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, upana wa sentimita 2, ukizungushwa kwa kuvutwa juu ya mpini, unanenepesha vizuri na hautelezi ukilowa. Tatizo lake ni uzito. Raketi ya kawaida yenye raba pande zote ina gramu 170 hadi 190. Ukiongeza tyubu nene raketi nzima inakuwa nzito na mkono unachelewa. Basi punguza kwingine: chukua raba yenye sponji ya milimita 1.5 badala ya 2.0 au zaidi. Mpira utapungua kasi kidogo na utatawalika zaidi, na kwa mkono dhaifu hiyo ni faida mara mbili. Raba na sponji pamoja na gundi zisizidi milimita 4.

Mikanda ya velkro ni mizuri kwa mtoto anayejivalisha mwenyewe. Ishonwe na fundi viatu kwa uzi wa nailoni, isigandishwe kwa gundi, kwani gundi hulainika kwa joto. Vinyweleo vyake vinajaa vumbi na nyuzi za nguo, ndiyo maana inaacha kunasa baada ya muda. Sugua kwa mswaki mkavu kila wiki, itarudi.

Mchezaji wa mkono mmoja anauliza kwanza kuhusu kuanzisha mpira. Kawaida mpira hurushwa kutoka kiganja kilichofunguka, upande juu angalau sentimita 16, lakini mwamuzi anaweza kulegeza sharti kwa sababu ya ulemavu. Natalia Partyka wa Poland, aliyezaliwa bila kiganja na sehemu ya mkono wa kulia, huuweka mpira kwenye kunjo la kiwiko na kuurusha kutoka hapo. Mwaka 2008 alicheza Olimpiki na Paralimpiki zote mbili za Beijing. Ibrahim Hamadtou wa Misri, asiye na mikono, hushika raketi kwa meno na kurusha mpira kwa mguu. Kwa hiyo usikimbilie kuagiza kifaa cha kurushia mpira. Mpe mchezaji wiki kadhaa atafute njia ya mwili wake.

Gundi ya viatu isiguse raketi. Inang'ata mno, na siku ya kubadilisha raba inang'oka na nyuzi za ubao; viyeyusho vyake pia ni sumu kwenye chumba kisicho na hewa, na gundi za aina hiyo zilipigwa marufuku mashindanoni tangu 2008. Tumia ya maji. Paka safu nyembamba pande zote mbili, subiri hadi weupe wote uishe na ibaki wazi kama kioo. Kiangazi inakauka upesi; masika subira inahitajika, na ukiwahi kubandika, raba itafanya malengelenge. Baada ya mazoezi futa raba kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, funika kwa nailoni, weka mbali na jua na paa la bati.

Mipira ni milimita 40 na gramu 2.7. Uzito huo ni mdogo sana mbele ya kusi au kaskazi, na hata pangaboi la ukumbini linauhamisha njia. Zima pangaboi wakati wa kucheza. Ya nyota tatu ni ya mechi. Ya mazoezi inunuliwe kwa wingi. Kwa wanaochelewa kuufikia mpira, kuna wa milimita 44 ambao Wajapani wanauchezea mchezo wao wenye wavu wa sentimita 17.25. Unaelea hewani kwa muda mrefu zaidi, na kwa wazee na wenye mtindio wa ubongo tunaupendekeza bila kusita. Kwa wenye uoni hafifu, rangi ndiyo muhimu: ukuta wa chokaa unaumeza mpira mweupe. Chukua wa rangi ya chungwa, au paka ukuta rangi ya kijani kibichi iliyokoza hadi usawa wa mita moja.

Kuokota mipira kunamchosha mwenye kiti kuliko kucheza. Bomba la PVC la inchi 2 lenye urefu wa mita moja linatosha: funga raba bendi mbili sambamba mdomoni, ukilisukuma juu ya mpira unapita na haurudi. Linabeba mipira kama 25. Nyuma ya meza tundika nyavu kuukuu za wavuvi, zenye tundu dogo kuliko mpira, zikianguka hadi sakafuni. Zile za dagaa zinafaa kabisa, ila zioshwe kwa maji baridi na sabuni.

Wavu wa kuvutwa na kubana kwenye meza yoyote ni wa manufaa kwa nyumba na darasa, hasa mahali pasipo na nafasi ya meza kamili. Nyavu nyingi za aina hii hulegea katikati. Kimo sahihi ni sentimita 15.25. Seti ya mfukoni yenye raketi nne tunaiona hasara, kwani raba zake ni ngumu na mpira unateleza.

Wapo wasioweza kuunyanyua mkono hewani. Kwao ondoa wavu, weka mbao za kimo cha sentimita 10 kwenye pande mbili ndefu za meza, zibane kwa klampu, na mpira uviringishwe juu ya meza, wenye matundu kama ule wa mazoezi ya gofu. Raketi inasukumwa ikiwa imelala mezani. Mchezo huu, polybat, ulibuniwa Uingereza, na mbao zake fundi seremala anazimaliza kwa siku. Upande wa ndani upigwe msasa vizuri, la sivyo vidole vinachubuka.

Kwa wasioona, showdown, mchezo uliobuniwa Kanada ambao mpira wenye mlio husukumwa juu ya meza na kufuatwa kwa sikio, una meza ya mita 3.66 kwa 1.22, na vipimo hivyo ni zawadi kwa seremala wetu: shiti moja na nusu ya plaiwudi. Usiunge shiti nzima na nusu, kwani kiungo kitakaa upande mmoja na mchezaji wa upande huo atakisikia kila mpira ukipita. Nunua shiti mbili, kata kila moja mita 1.83, kiungo kiangukie katikati chini ya kizuizi (ubao unaokatiza meza, mpira hupita chini yake), na nyuma yake pigilia ubao. Vipande viwili vinavyobaki, vya sentimita 61 kwa 122, vinatoa vipande vinane vya kuta za sentimita 14, yaani mita 9.76, sawasawa na mzunguko wa meza. Kona ziviringwe kwa plaiwudi nyembamba ya milimita 3 au 4 iliyolowekwa ili ikunjike. Mpira ni wa sentimita 6, una vyuma vidogo ndani. Wa mazoezi unatengenezeka kwa mpira mgumu wa plastiki na goroli ndogo za baiskeli, na ufa uzibwe kwa gundi ya moto na kusawazishwa. Goroli zikizidi, mpira unakuwa mzito na unasimama katikati ya meza. Anza na chache uongeze moja moja. Wachezaji wote wafunikwe macho, hata asiyeona kabisa, ili aliyebakiwa na uoni kidogo asimzidi mwenzake. Chumba kiwe cha sakafu ya saruji na milango ifungwe. Kwenye ukumbi wa bati mvua ikinyesha hakuna mechi.