Kupoza sebule kubwa Tabora: pangaboi kwanza, AC mwisho

Sebule za siku hizi hapa Tabora zimekuwa kubwa. Anayejenga Ipuli au Kiloleni anaunganisha sebule na sehemu ya kulia chakula, anapata chumba cha mita 5 kwa 7, juu bati, chini yake siling ya jipsamu, na dirisha pana linalopigwa na jua la jioni. Ikifika Septemba na Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza, chumba hicho hakikaliki kuanzia saa nane mchana. Ndipo mtu anakimbilia duka la vifaa vya umeme na kuchukua chochote kinachozunguka.

Kabla ya kutoa hela, angalia hali ya hewa yetu. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kiangazi hewa ni kavu, na jua likishazama nje kunapoa vizuri. Joto linalotutesa jioni ni lile lililojikusanya kwenye bati na ukuta mchana kutwa. Kwa hiyo kifaa kinachotufaa ni kile kinachosukuma hewa na kuisaidia nyumba kuvuta ubaridi wa nje, na mimi naweka pangaboi namba moja bila kusita.

Lakini ziwe mbili. Kwa mita 5 kwa 7, pangaboi moja katikati itawapoza walio chini yake, na waliokaa pembeni watabaki wanajipepea. Gawa chumba nusu kwa nusu, kila nusu iwe na yake katikati, yaani mita 1.75 kutoka ukuta wa mwisho. Chukua ya inchi 56. Ya inchi 48 inatosha chumba cha kulala. Mapanga yawe angalau futi 7 kutoka sakafuni, 8 ni bora zaidi, na yasibanwe na siling, maana feni iliyobanwa juu hukosa hewa ya kuvuta.

Ziko za aina mbili. Ya kawaida hula wati 75 hivi. Ukiiwasha saa 10 kwa siku, mwezi mzima ni uniti 22.5, na mbili ni 45. Mteja wa TANESCO wa kundi la D1, ambaye unafuu wake unaishia uniti 75 kwa mwezi, anakuwa ameshamaliza zaidi ya nusu kabla hajawasha friji. Aina ya pili, yenye mota ya BLDC (isiyo na brashi, inayoongozwa na sakiti), hula wati 30 hivi kwa upepo uleule. Mbili kwa matumizi hayohayo ni uniti 18. Tena umeme ukipungua nguvu jioni, ya kawaida inalegea, ila ya BLDC inaendelea na mwendo wake. Mwenye betri ya sola anaweza kulala nayo ikizunguka usiku kucha.

Mbona basi sisemi kila mtu anunue BLDC? Kwa sababu ya matengenezo. Ya kawaida ikianza kuzunguka kivivu, au mpaka uisukume kwa mkono ndipo ianze, mara nyingi ni kapasita tu, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza, na kapasita ya mikrofaradi 2.5 inapatikana karibu kila duka la umeme mjini. BLDC ikiungua sakiti, unahitaji sakiti ya kampuni ileile. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha sakiti ya akiba au waranti inayoeleweka, chukua ya kawaida na moyo wako utulie. Na fundi asiifunge BLDC kwenye ile regulata ya ukutani, aitoe kabisa.

Dukani usikubali kuuziwa boksi lililofungwa. "Mama, hii ni shaba tupu," muuzaji atakuapia. Mwombe aitoe, uinyanyue mota kwa mikono miwili, kisha unyanyue ya bei ya chini iliyo jirani yake. Waya wa shaba ni mzito kuliko wa aluminiamu, na mkono unaonja tofauti, ingawa uzito peke yake hautoshi kukuhakikishia. Izungushe kwa kidole kabla ya kuchomeka: inapaswa kwenda kimya na kusimama taratibu. Ukisikia mkwaruzo, beringi si nzima. Kisha iwashwe kwenye namba 1 na namba 5. Mapanga yote yatoke kwenye boksi moja, kwa kuwa hupimwa uzito pamoja kiwandani. Ukichanganya, feni itayumba maisha yake yote.

Hili la kufunga nalisema kwa msisitizo kwa sababu chini yake watoto wanacheza. Ndoano ishikwe na mbao ya kenchi, kamwe isishikwe na bodi ya jipsamu wala vile vyuma vyembamba vinavyoibeba. Pangaboi ina kilo 4 hivi na inatikisika muda wote. Kama kenchi haikuangukia pale unapotaka, fundi apande darini agongelee mbao ya 2 kwa 4 kutoka kenchi moja hadi nyingine. Akikwambia haina haja, tafuta fundi mwingine.

Namba mbili ni feni ya kusimama, ya inchi 16 au 18. Nzuri kwa mpangaji, kwa kuwa unahama nayo. Jioni isimamishe karibu na dirisha lenye ubaridi, ikivuta hewa ya nje kuingiza ndani, na dirisha la upande wa pili liwe wazi. Angalia kitako: kizito, kisichopinduka mtoto akiegemea.

Namba tatu, feni ya maji yenye tangi na pedi. Kwa ukavu wa Agosti hadi Oktoba inapoza kweli, mradi madirisha yawe wazi. Mvua zikianza inageuza sebule kuwa na unyevunyevu wa kunata, na kwa ndugu zetu wa Kigoma, wenye Ziwa Tanganyika mlangoni, siishauri sana. Tangi lioshwe kila wiki, la sivyo litanuka na kufuga mbu.

AC naiweka mwisho. Sebule ya mita 35 za mraba chini ya bati inataka AC ya BTU 24,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), yaani wati 2,000 hivi kompresa ikifanya kazi: saa 6 mfululizo ni uniti 12 kwa siku moja. Ya inverter, ambayo kompresa yake hubadili kasi, hupunguza matumizi chumba kikishapoa, ila sebule iliyo wazi hadi koridoni haipoi. Kama lazima, ziba koridoni kwa mlango, na vuta waya wake peke yake kutoka kwenye mita ya umeme.

Hela ikibaki, ipeleke juu. Toboa matundu ya hewa kwenye kuta za pembetatu chini ya paa, yafunikwe na wavu, ili joto la darini lipate pa kutokea. Tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, lina kuta nene za udongo, na mchana wa Oktoba ukiingia humo utaelewa kazi ya ukuta. Miembe nayo tunayo tele: mmoja upande wa magharibi wa dirisha hilo pana utapunguza jua la saa kumi kabla halijagusa kioo.